Shoro wa Lambo la Ihumwa

Mwalimu Loisi Ndahani wa Mkonze alistaafu kufundisha baiolojia akiwa na vitu viwili ambavyo hakuna aliyewahi kuvitilia shaka: mwandiko wake na jina la marehemu mume wake. Wiki ile ya mwisho ya Machi kimoja kilikuwa kimekisaliti kingine, na aliyejua alikuwa yeye peke yake.

Mume wake, Mwalimu Sila, ndiye aliyeanzisha kikundi cha watazama ndege. Alipofariki kilikuwa na watu watano. Sasa wako kumi na wanane, na simu zao hazitulii. Kila mwaka mvua zikielekea ukingoni, shoro waliokimbia baridi ya Ulaya hunenepa tayari kurudi kwao. Ni vindege vidogo vya rangi ya majani makavu, na asiyezoea huvipita bila kuviona. Hapo ndipo ujumbe humiminika: shoro watatu Chamwino, kwenye mgunga nyuma ya zahanati, wawili Mkonze, wanaimba tangu alfajiri.

Mwaka huu kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Kijitabu cha ndege wa Dodoma kilikuwa kinakwenda kwa mpiga chapa Jumatatu, na ukurasa wa shoro ulianza hivi: "Shoro wa matete kutoka Ulaya, lambo la Ihumwa. Aliyemwona kwanza: Mwalimu Sila Ndahani." Loisi mwenyewe ndiye aliyenakili kutoka madaftari ya marehemu.

Kisha Asma, afisa ugani kijana mwenyeji wa Kondoa, akauliza kwenye kundi lao la simu: "Samahani wakubwa zangu. Kuna shoro wa hapa hapa anayefanana na yule wa Ulaya kama pacha. Tofauti ni kwamba mgeni hajengi kiota huku. Je, Mwalimu aliandika ndege wale walikuwa wakifanya nini?"

Loisi alijibu kwa neno moja. "Hakuandika."

Aliandika. Kwenye daftari la mwaka ule, chini ya tarehe, kwa kalamu ya risasi: "Wawili, wamebeba viwavi mdomoni, wanaingia matete yale yale." Ndege hawezi kubeba viwavi kutwa nzima asiwale, ila ana makinda ya kulisha. Loisi aliuelewa mstari ule mara tu alipoufikia, akauruka. Watu wangesema nini? Kwamba Mwalimu Sila, aliyesahihisha madaftari ya nusu ya watumishi wa mji huu, hakumjua mgeni wala mwenyeji? Ndugu wa ukoo wangesoma, wanafunzi wake wangesoma. Aliona heri mstari upotee.

Nurdini, mwenyekiti, mstaafu wa reli, hakupenda ubishi wa kwenye simu. Akaandika: "Jumamosi wote Ihumwa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nguo za rangi ya udongo, viatu vigumu, maji ya kunywa. Asicheze mtu sauti za ndege kwenye simu, tutawachanganya. Na Paskazia, ile kanga yako nyekundu ibaki nyumbani."

"Kanga yangu haijawahi kufukuza ndege," Paskazia alijibu. "Imefukuza wanaume tu."

Jumamosi walifika tisa. Lambo lilikuwa jembamba na limejaa, na matete ya upande wa magharibi yalikuwa marefu kuliko mtu. Nurdini aliwapanga watu ukingo wa mashariki ili jua liwe mgongoni. Loisi akajikuta amesimama na Asma, hatua sita kutoka majini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nisamehe kwa lile swali. Sikutaka kumgusa Mwalimu."

"Hujamgusa," Loisi alisema bila kushusha darubini. "Tazama matete."

Walitazama. Nusu saa ilipita, kisha nusu nyingine. Shingo ya Loisi iliuma lakini hakuigeuza. Aliomba moyoni, na aliona aibu kwa alichokiomba: kwamba wasitokee. Wakikosekana leo, mstari utabaki ulivyo, na Jumatatu kijitabu kitakwenda.

"Mama Jenifa!" Paskazia alimnong'oneza Loisi kutoka mbali, kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya lambo. "Hao wageni wako wameshakata tiketi nini? Miguu inawaka moto!"

"Nyamaza wewe," Nurdini alimkemea.

Asma aliguna. Mwiba ulikuwa umepenya soli ya raba yake. Akainama kuuchomoa.

Wakati huo huo shoro akatokea. Alitua kwenye tete lililoinama, kifua cheupe kichafu, mgongo wa kahawia, na mdomoni mwake kiwavi wa kijani alining'inia kama kipande cha uzi. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akazama katikati ya matete. Zikasikika sauti nyembamba za makinda, zikakoma. Akatoka mdomo ukiwa mtupu.

Pale pale alipopaandika Sila, kitu kile kile alichokiandika Sila.

Asma aliinuka, mwiba mkononi. "Kuna kitu kimeita. Umeona, mama?"

Hapana. Neno lilikuwa tayari ulimini. Angelisema, na binti huyu aliyelelewa vizuri asingebisha na mama wa umri wa Loisi. Lakini Asma alikuwa anamtazama usoni, si kwenye matete, na alikuwa ameshajua.

"Kama hukuona vizuri, basi," Asma alisema polepole. "Mimi naweza kunyamaza. Ni mstari mmoja tu, mama."

Damu ilimpanda Loisi. "Uninyamazie mimi? Kwani mume wangu mwizi, mpaka afichiwe?"

"Sikusema hivyo..."

"Nurdini!" Sauti yake ya darasani ilivuka maji, na korongo wawili wakaruka. "Njooni wote hapa. Taratibu, na asivuke mtu hatua hii."

Walikuja wakakusanyika. Loisi alionyesha kwa kidole tete lililoinama, wakasubiri, na shoro akarudi na kiwavi mwingine. Wote walielewa kiwavi yule alimaanisha nini. Kila mmoja alikuwa anamwonea Loisi haya.

"Ni mwenyeji," Loisi alisema. "Mwalimu Sila alimpa jina lisilo lake. Lakini alimwona na kiwavi mdomoni, na aliandika. Mimi ndiye niliyeuruka mstari. Asma aliniuliza, nikamdanganya mbele yenu wote."

Nurdini alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mwalimu, sheria unaijua. Uliiandika wewe na marehemu. Anayebadilisha maandishi ya mwenzake..."

"Haandiki kwenye orodha mwaka mzima."

"Tungeweza kulizungumza."

"Hakuna cha kuzungumza. Kijitabu apewe Asma. Mstari wa Ulaya autoe, aweke alichoandika Sila, neno kwa neno, viwavi na yote."

"Na wewe, mama?" Asma aliuliza. "Nikuandike vipi?"

Loisi alikaza mtandio wake kichwani. "Jina langu kamili. Loisi Ndahani, aliyenakili vibaya. Na uandike kwenye kundi sasa hivi, kabla hatujaondoka hapa, nikiwa nimesimama."

Asma alitoa simu. Alipoanza kuandika, Loisi akasogea karibu kumsomea herufi za jina la ukoo, moja moja, zisije zikakosewa.