Mstari wa Mbele

Mwezi wa sita, Mama Ersilia, mshona nguo wa ghorofa ya chini katika jengo letu hapa Bologna, alinigongea mlango akihema. Kule ufukweni Cesenatico kuna mtu wa mstari wa mbele, ule wa karibu na maji, ameachia mwavuli anaoukodi kila mwaka! Tangu aolewe, Mama Ersilia na mumewe Remo walikaa mstari wa pili kila kiangazi, wakiiona bahari kwa kuchungulia kati ya vichwa vya watu. Remo alikufa bado yuko mstari wa pili.

"Dino mwenye ufukwe kasema atakayewahi Jumamosi ya kwanza ya Agosti ndiye mwenye mwavuli," akaniambia. "Na gari ni lako, mwanangu."

"Basi twende Alhamisi, barabara ikiwa tupu. Tukalale huko."

"Alhamisi? Kwani tumeiba?"

Nimeolewa huku siku nyingi na bado sijawazoea. Mji mzima hufunga maduka, huondoka siku moja kwa barabara moja, kisha wote hulaani foleni.

Jumamosi hiyo ya Agosti tukanasa kwenye foleni. Jua linachoma, Mama Ersilia amepakata sinia la lazanya. Mara akanifinya. Kwenye gari la ubavuni mwetu alikuwemo Iole, jirani yake wa mstari wa tatu, anaendeshwa na shemeji yake.

"We Iole! Mbio zote hizo wapi?"

"Hukohuko uendako! Na mwaka huu hunizibi, bibi wee!"

"Tutaonana mchangani!"

Foleni ikijongea, wao mbele. Ikijongea tena, sisi. Mimi niliyekuwa nawacheka nikajikuta napiga honi kama mwendawazimu.

Tulipofika, gari halijasimama vizuri, Mama Ersilia alinitupia lazanya, akavua viatu, akatoka mbio. Na goti lake bovu lile! Iole nyuma yake, kofia mkononi. Watu wakainuka kushangilia. Mama Ersilia akajibwaga kitini chini ya mwavuli ule wa mbele.

"Remo! Tumefika!" akapiga kelele, nami nikalia huku nacheka.

Iole akafika, pumzi zimemwishia. Nilitegemea matusi.

"Miaka yote nimetazama kisogo chako," akasema kwa unyonge. "Na leo tena umeniwahi."

Chini ya kila mwavuli huwa kuna viti viwili. Mama Ersilia alikitazama kile cha pili, ambacho kingekuwa cha Remo. Kisha akakipangusa mchanga kwa kiganja.

"Haya, kaa. Ila ukianza kunihadithia presha yako, nakurudisha nyuma."

Iole akakaa. Wakaduwaa wote wawili, bahari yote iko mbele yao. Nikaona sasa ndiyo saa ya kula, nikawapelekea lazanya.

"Toka hapo mbele!" wakanifokea kwa pamoja. "Unatuziba!"