Glavu Kwenye Kapu la Nguo Chafu

Mama yangu ana sheria moja ya nguo: kilichomo kapuni kinafuliwa. Haulizi, hachambui, hapekui mifuko. Ameshafua kadi yangu ya treni, ameshafua nusu ya andazi, ameshafua barua ya mwalimu wangu, ambayo niliiweka humo kwa makusudi na simlaumu. Nayasema haya mapema ili tukifika kwenye kosa langu msije mkajifanya mmeshangaa.

Tunakaa Vällingby, pembeni mwa Stockholm, ghorofa ya tatu. Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi na minne, nachezea timu ya vijana ya besiboli, mchezo ambao Wabongo wa kanisani kwetu huuita "ule wa kupiga mpira kwa mchi." Kila kiangazi klabu yetu huleta mchezaji mmoja kutoka Marekani, na kwa kuwa haina hela ya kumpangia nyumba, huwaomba wazazi wampokee. Dada yangu alikuwa ameshahamia Uppsala kusoma, chumba chake kiko wazi. Nikamwambia Mama kuna kijana wa watu hana pa kulala. Kwa Mama hiyo sentensi haihitaji mwendelezo.

Akaja. Miaka ishirini, mrefu, miguu inatoka nje ya kitanda cha dada, mrushaji wa mkono wa kushoto. Sasa, kule kwao klabu kubwa haimchukui kijana ikamtupa uwanjani mbele ya maelfu. Wana ngazi ya timu ndogondogo, na kipandio cha chini kabisa ni cha wanaoanza: vijana waliotia saini mkataba wa kwanza juzi, wengine hawajawahi kulala nje ya kwao. Asubuhi wanafundishwa kurusha, mchana wanafundishwa kudaka, jioni wanafundishwa kufua soksi na kula mboga. Mgeni wetu alikaa kwenye kipandio hicho msimu mmoja, akaitwa ofisini, akapewa mkono na kushukuriwa. Miaka ishirini, mtu ameshastaafu.

"Kwa hiyo wewe ulianguka kutoka chini?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Ndiyo," akasema. "Si mbali sana, lakini inauma."

Nikampenda hapo hapo.

Alikuwa na daftari. Huko walimzoesha kuandika kila mpira aliorusha na kila alichofundishwa siku hiyo, na aliendelea kuandika hata jikoni kwetu. Siku ya kwanza Mama aliweka ugali, mchicha na samaki, na jamaa akaingiza mkono wa kushoto kwenye sahani. Mimi pia ni wa kushoto. Tangu nizaliwe nimepigwa vibao vya mkono mezani hadi nikadhani ni sehemu ya sala ya chakula. Nikamtazama Mama. Mama akatazama dirishani.

"Mama, mwone mwenzangu."

"Huyo mgeni."

"Na mimi?"

"Wewe wa hapa. Kula kwa kulia."

Nikavumilia. Siku ya tatu, kama ilivyo desturi, mgeni akapewa jembe, yaani mashine ya kunyonya vumbi, na jioni alipopeleka mkono wa kushoto kwenye wali, pa. Kibao chepesi, cha upendo, lakini pa. Hakukasirika. Alifuta vidole, akachukua daftari, akaandika: *Kula kwa kulia.* Akasema kocha wake wa kule alikuwa hivyo hivyo, ila hakupika vizuri.

Mwezi wa saba habari ikaja kwamba msaka vipaji wa klabu nyingine ya huko, anayezunguka Ulaya kuangalia wachezaji, atapita uwanjani kwetu Jumamosi moja. Moja tu, kesho yake anaruka kwenda Uholanzi. Mgeni wetu akaacha kuongea. Aliamka alfajiri kukimbia hadi Spånga na kurudi. Jioni alikaa na glavu yake ya ngozi ya kudakia mpira mapajani, anaipaka mafuta yake maalumu, anaiwekea mpira tumboni, anaifunga kwa mkanda kama mtu anayemvalisha mtoto nepi. Alikuwa nayo tangu ana miaka kumi na mitatu. Ilikuwa imeshakuwa na umbo la mkono wake. Ukiivaa wewe unajisikia umeingia nyumba ya watu.

"Bila hii," alimwambia Baba, "sijui hata nisimame vipi."

Baba, ambaye ni dereva wa basi, akaitikia kwamba yeye ana kiti kama hicho.

Ijumaa, siku moja kabla, nilimwona amekunja uso tangu asubuhi nikaona anahitaji kuchangamshwa. Alipoingia kuoga nikaichukua glavu, nikaizika chini kabisa ya kapu la nguo chafu, chini ya mataulo. Nikaandika na karatasi ya watekaji nyara: *Tunayo glavu. Leta chokoleti mbili.* Mpango ulikuwa dakika kumi. Dakika ya pili rafiki yangu wa Sundbyberg akapiga simu kwamba kanunuliwa gemu jipya. Karatasi ikasafiri nami mfukoni hadi Sundbyberg.

Jambo ambalo sikulikumbuka ni kwamba Ijumaa saa nane mchana ilikuwa zamu yetu ya kufulia.

Mtu asiyekaa Stockholm hawezi kuelewa zamu ya kufulia. Chumba cha mashine kiko chini ya jengo, ni cha wote, na kuna ubao ambao kila nyumba inafungia kikufuli chake kwenye saa yake. Watu wamenuniana miaka kumi kwa sababu ya dakika tano. Mama akishika zamu hachezi nayo. Anashuka na kapu, anajaza, anabonyeza nyuzi sitini, anapanda.

Nikarudi jioni. Mezani palikuwa na kitu. Kimekauka kwenye kabati la hewa moto, kimejikunja, kigumu kama ng'onda. Mgeni alikuwa amekaa mbele yake mikono magotini, kama mtu aliyefika kwenye msiba mapema mno. Mama amesimama na mkono kinywani.

"Mimi nimeikuta kapuni," Mama alikuwa anasema. "Kilichomo kapuni nafua. Baba, labda uliiacha kwenye taulo lako?"

Mgeni ndiye anamwita Baba, kwa heshima ya vijana wa watu. Na yeye, kwa adabu tuliyomfundisha wenyewe, akasema, "Labda, Mama. Labda niliiacha."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, nilikuwa na mdomo. Nikanywa maji.

Mama si mtu wa kukaa na kosa. Akaenda chumbani akarudi na kopo la mafuta ya mgando, lile kubwa, ambalo kila Jumapili baridi ikishuka tunapakwa usoni hadi kanisani tunafanana na masufuria. Akasema ngozi ni ngozi. Akaanza. Alikanda ile glavu kama unga wa chapati, akaipaka nje, ndani, katikati ya vidole, kwenye nyuzi. Mgeni naye akachovya, akasaidia. Nusu kopo likaisha. Na kweli, kufikia usiku ilikuwa inakunjika. Inang'aa, inanuka kama mtoto mchanga, lakini inakunjika. Sisi wote tulilala tukimsifu Mama, mimi kwa sauti kuliko wote.

Jumamosi kulikuwa na jua. Msaka vipaji alikaa nyuma ya wavu, mzee mmoja wa kofia ya majani makavu, ameshika kile kibastola cha kupimia kasi, kama trafiki aliyechoka. Mama alikuja na kanga begani, kikapu na chupa ya chai. Mimi nilikaa benchi la wakubwa nikiokota magongo, kazi ya vijana siku hiyo.

Mpira wa kwanza ulikwenda sawa. Wa pili ukafanya jambo. Ulienda moja kwa moja hadi karibu na mpigaji, halafu ukaanguka chini kama umekumbuka kitu. Mpigaji akapiga hewa. Wa tatu ukaanguka tena, kwa upande. Watu watatu wakatolewa kwa mipira tisa. Mzee wa kofia akakigeuza kibastola akakitazama, kisha akafungua daftari lake. Mama akaniambia kwa mbali, "Unaona ngozi ikipata mafuta?"

Nilikuwa naona sana. Nilianza kuona na kitu kingine. Kila akitoa mpira kwenye glavu, ulikuwa unang'aa.

Raundi ya pili kocha wa timu pinzani alitoka bila haraka, akaomba mpira, akaushika kwa vidole viwili kama samaki aliyeoza, akampelekea mwamuzi. Sheria ya besiboli iko wazi na mgeni wetu aliijua kuliko sisi: mrushaji akiupaka mpira kitu chochote, hata mate, anatolewa. Maana mpira wenye mafuta hauendi ulikotumwa, unaenda unakotaka. Mwamuzi, mtu mpole wa Spånga mwenye ndevu, akaingiza kidole kwenye glavu. Kikatoka kinameremeta. Akakinusa.

"Hiki nini?"

Mgeni alimtazama. Angeweza kusema ni Mama. Hakusema. "Ni glavu yangu," alisema. "Ni mimi."

Nyuma ya wavu mzee alikuwa anafunga daftari.

Mama hakujua sheria, ila anajua mtoto anapoonewa. Akavuka ule mstari ambao hakuna mtazamaji anayeruhusiwa kuuvuka, kanga imefungwa kiunoni, akafika mpaka kwenye kichuguu cha mrushaji.

"Mwamuzi, mimi ndiye niliyepaka," alisema kwa Kiswidi chake cha kazini, kile anachoongea na wazee wa nyumba ya kulelea anakofanya kazi. "Na mimi ndiye niliyeifua. Nyuzi sitini. Yeye hana kosa. Kama ni kutoa mtu, nitoe mimi."

Mwamuzi akasema bibi hayuko kwenye orodha ya timu, hawezi kumtoa.

Basi pale kati ya uwanja wamesimama wawili, kila mmoja anajitwika mzigo, na mzigo wenyewe ni wangu. Mimi nimewahi kudanganya walimu wanne kwa siku moja nikalala vizuri. Lakini kusimama pale ukiangalia Mama anaomba atolewe kwenye mchezo asioujua, hata mimi nilishindwa. Nikatembea hadi kichuguuni. Mfukoni bado nilikuwa nayo karatasi. Nikampa mwamuzi.

Akaisoma. Akaisoma tena. "Chokoleti mbili," alisema.

"Nilitaka kumchekesha."

Mama alinitazama. Sitalieleza lile tazamo; wenye mama wa kwetu wanalijua, na wengine Mungu amewaepusha. "Tutaonana nyumbani," alisema kwa Kiswahili, taratibu. Mgeni wetu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha maneno thelathini hivi, hilo alilielewa akanionea huruma.

Mwamuzi akafikiri, akaongea na kocha wa wapinzani, ambaye alikuwa anauma midomo asicheke. Uamuzi: raundi ile ya kwanza ifutwe, waanze upya, glavu ibadilishwe. Tatizo, glavu ya mtu wa kushoto. Uwanja mzima ilikuwepo moja. Yangu, ya watoto, na kwa wino mweupe wa kufutia makosa nilikuwa nimeichora meno ya papa.

"Nyeupe hairuhusiwi kwa mrushaji," alisema mwamuzi. "Inamchanganya mpigaji."

Mama akashika ncha ya kanga, akaitemea mate, akaanza kusugua yale meno, kama alivyonisugua mimi uso mlangoni pa kanisa miaka kumi na minne. Mwamuzi aliona mate. Sote tulimwona akiona. Akageuka akatazama miti muda mrefu.

Mgeni akaivaa. Vidole viliingia nusu. Akasimama na kiglavu kile kama mtu aliyeshika kikombe cha mwanasesere, akarusha raundi nne, mpira mkavu, uendao alikoutuma. Waliipiga mipira yake miwili tu. Mmoja ulimrudia usoni kwa kasi, naye akaudaka kwa ncha ya kiglavu changu, akabaki anautazama. Mzee wa kofia alikuwa ameshalifungua tena daftari.

Mwisho mzee alimpa mgeni mkono na kumwambia, "Tutapiga simu." Mgeni akaomba apigiwe simu ya nyumbani kwetu, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imekufa. Njiani akatueleza kwamba hilo neno ndilo huambiwa wasiotakiwa. Mama hakukubali. Mtu akisema atapiga, atapiga. Siku tisa simu yetu haikuguswa. Shangazi wa Dar aliambiwa aandike barua.

Mimi nilihukumiwa kufua, zamu zote, mpaka nioe. Mgeni alishuka kunisaidia, labda kwa huruma, labda kukimbia ile simu. Siku ya tisa tulikuwa chini, yeye anakunja mataulo, mimi natoa manyoya ya nguo kwenye chujio la mashine, Baba akaita kutoka juu ya ngazi kwamba kuna mtu anaongea Kiingereza puani. Jamaa alipanda ngazi tatutatu, soksi ya Baba bado iko mkononi.

Nikabaki na mashine. Nilikuwa nimeizika glavu yake kwa mikono yangu, na sasa sikuthubutu hata kupanda kusikiliza. Mashine ikanguruma. Mlango ukafunguka, akaingia jirani wa ghorofa ya kwanza, bibi mmoja mwenye kapu, akatazama saa yake na ya ukutani.

Halafu kikashuka. Kigelegele cha Mama, kirefu, kikapita ghorofa zote tatu kupitia ngazi, mpaka chini kwenye saruji. Milango ikafunguliwa juu. Bibi akashika kapu kifuani.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mtu ameumia?"

"Hapana," nikasema. "Amerudishwa kwenye kipandio cha chini kabisa."

Akanitazama, akautazama ubao. "Saa kumi na moja na dakika tatu," alisema. "Ni zamu yangu."

Nikamalizia chujio.