Siku Bibi Alipopita Kando ya Kamba

Chuo kikuu nilichosoma ni kikubwa, tena ni cha umma, na kwa michezo sitaki ubishi na mtu. Tulikuwa na wachezaji wa mpira wa miguu waliokuwa wakiitwa na timu za ligi kabla hawajamaliza mitihani. Tulikuwa na dada wa netiboli warefu kama milingoti. Wakimbiaji wetu walirudi kila mwaka na medali shingoni, wakazivaa hadi kwenye foleni ya chakula. Kabati la vikombe la chuo lilijaa mpaka vingine vikapangwa juu ya kabati lenyewe. Nilikuwa napita pale kila asubuhi nikienda darasani, na kila asubuhi nilijisikia nina mali.

Mimi nilikuwa kwenye kuvuta kamba. Najua utacheka, cheka tu. Timu ya kamba ya wanawake ilikuwa mtoto wa kambo wa michezo ya chuo. Jezi tulirithi kwa netiboli, mazoezi tulifanya nyuma ya karakana, na katika kabati lile lote kamba ya wanawake haikuwa na hata kikombe cha kunywea chai. Lakini tulikuwa wanane tuliopendana, na nyuma kabisa ya kamba, pale inapozungushwa mwilini, nilisimama mimi, mtoto wa kijiji cha Mpui kule Sumbawanga, mfupi, mnene wa mapaja, mgumu kung'oka. Kocha wetu, mwalimu wa elimu ya viungo, mama mmoja mkali, alikuwa akisema kuwa akinisimika pale, kazi yake imebaki nusu.

Nyumbani habari hiyo haikupokelewa vizuri. Nililelewa na Bibi, mama yake mama yangu, mwanamke asiyesifia kitu. Nilipofaulu kidato cha sita alisema, "Haya." Nilipopata chuo alisema, "Haya, usiugue huko." Basi nilipomwambia navuta kamba, alinyamaza, na kunyamaza kwa Bibi kulikuwa kubaya kuliko kugombezwa. Jirani yetu, ambaye naye ana watoto chuoni, ndiye aliyesema kwa niaba ya kijiji. Siku moja ya likizo, baada ya misa, mbele ya watu wote pale nje ya kanisa, alimwambia Bibi, "Dada yangu, wenzako wamepeleka watoto chuo wakasome. Wewe mjukuu wako wamemfunga kamba kama ng'ombe wa plau."

Watu walicheka. Mimi nilitaka kujibu, na ningejibu vibaya, lakini Bibi alinishika mkono. "Sijamwona akivuta," alisema. "Siku nitakayomwona kwa macho yangu, nitakuja hapa hapa nikwambie nilichokiona."

Ahadi ya Bibi si kitu cha mchezo. Kuanzia siku ile nikawa na kazi moja tu duniani: Bibi anione nikishinda, aende akasimame mbele ya kanisa akaseme.

Mungu naye ana mambo yake. Mwaka wangu wa mwisho, mashindano ya vyuo yakaletwa kwetu, Sumbawanga mjini. Chuoni ilikuwa vichekesho vitupu. Wenzangu walinijia mmoja mmoja, wengine kwa utani, wengine wakimaanisha, wakiuliza kama ni kweli sisi Wafipa tunatuma radi. Niliwajibu kuwa radi ni ghali, hatuwezi kuipoteza kwa mtu asiyelipa hata deni la chipsi. Wakacheka, lakini niliona wawili wamenunua rozari.

Kocha alitaka tufike wiki mbili mapema ili tuizoee baridi na hewa ya juu. Chuo kikasema pesa ya malazi ipo kwa timu kubwa. Nikamwambia, "Kocha, twende kwetu." Akakubali, ila yeye akabaki akifundisha, atukute mjini siku ya mashindano. Ndivyo wasichana saba kutoka pande zote za nchi walivyoingia nyumbani kwa Bibi pale Mpui, na mabegi yao na mafuta yao ya nywele, wakitetemeka kwa baridi ya mwezi wa tatu.

Asubuhi ya kwanza walitoka nje, wakamkuta Bibi anapepeta ulezi, wakasema kwa pamoja, wima, "Shikamoo Bibi!" Bibi hakuinua kichwa. Wakarudia. Bibi akaendelea kupepeta. Mwenzangu aliyekuwa akisimama wa kwanza kwenye kamba, binti wa Tanga, msomi wa sheria mwenye mdomo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi yako hasikii?"

"Anasikia. Haoni mtu wa kumsalimia. Nyie mmesimama."

Kwetu mkubwa hasalimiwi kutoka juu. Unachuchumaa, unashusha macho, unapiga makofi taratibu, viganja vikikutana kwa upole, ndipo unasalimu. Niliwaonyesha. Binti wa Tanga akachuchumaa, akapiga makofi yake, na Bibi papo hapo akaacha ungo, akaitikia kwa Kifipa maneno marefu, akamuuliza, mimi nikitafsiri, amelalaje, wazazi wake wazima, mvua huko kwao inanyesha. Mtoto wa watu akafurahi utadhani kapewa shahada. Tangu hapo ikawa mashindano. Bibi akitoka jikoni, chini. Bibi akirudi shambani, chini. Ilifika mahali Bibi akikohoa tu ndani, nje watu wameshachuchumaa.

Bibi naye aliwatunza. Waliokula ugali wake walikwenda naye kuinua matuta, tukifukia nyasi chini ya udongo kama ilivyo desturi yetu, halafu jioni tulifunga kamba kwenye mti tukavuta mpaka mti ukalalamika. Aliwapikia samaki, migebuka iliyotoka ziwani Kabwe, akawafunika mablanketi yake. Hakuwasifia. Lakini siku ya kuondoka kwenda mjini alisema, "Nitakuja siku ya mwisho. Nije nione." Nikaelewa anakuja kuona nini, na kwa ajili ya nani.

Tulifika fainali. Nalisema hili taratibu kwa sababu hakuna aliyelitegemea. Mpira wa miguu wetu walikuwa wameshashinda, netiboli walikuwa wameshashinda, na safari hii wote walikuja wakajipanga kando ya kamba yetu, wakiimba jina la chuo. Wale wale waliokuwa hawajui tunafanyia mazoezi wapi! Wapinzani wetu walikuwa wazito, wana viatu vizuri, na yule wa mwisho wao alikuwa kama mimi wawili. Sheria ni mivuto mitatu, anayeshinda miwili anachukua kikombe. Niliangalia jukwaani. Mkuu wa mkoa alikuwepo, Bibi hakuwepo.

Mwamuzi akasema, "Shika kamba." Tukashika. Akasema, "Kaza." Tukakaza, kamba ikanyooka ikaanza kulia, nikazika visigino kwenye majani yaliyolowa. Hapo mtu anasubiri neno moja tu.

Na hapo ndipo Bibi alipoingia. Gari alilopanda lilikuwa limechelewa. Kijana wa ulinzi, kwa heshima, akaona mama mzee kama huyu asipitishwe kwenye msongamano, akampitisha ndani, kando ya kamba. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Alipotufikia, akiwa mtu mwenye adabu zake, hakuweza kupita watoto wake bila neno. Akatusalimu kwa Kifipa, kwa sauti.

Binti wa Tanga aliachia kamba, akachuchumaa, akapiga makofi.

Wa pili akafuata. Wa tatu akafuata. Mimi nilikuwa nyuma, nikaona migongo ikishuka mmoja baada ya mwingine, na wallahi ningeweza kupiga kelele, ningeweza kubaki wima. Sikubaki. Magoti yangu yalikuwa yameshamwona Bibi kabla yangu. Nikashuka na kamba yangu mwilini, viganja vikikutana. Mwamuzi, ambaye alikuwa ameshafungua mdomo, akatoa neno: "Vuta!"

Wenzangu saba walikuwa huru. Mimi nilikuwa nimefungwa. Nilisafiri kwa tumbo kutoka mwisho wa timu yangu hadi mbele ya timu yao, nikiwapita wenzangu waliochuchumaa, na kila mmoja alinitazama kwa huruma nikipita. Wageni walidhani tumeanguka kifafa, au tunasali. Lakini upande wa wazee wa Sumbawanga hakuna aliyecheka. Kuna mama kadhaa pale jukwaani waliitikia salamu.

Kocha alikuja mbio. "Mnafanya nini? Mnafanya nini nyie?"

"Bibi kapita, kocha," alisema binti wa Tanga, bado amechuchumaa.

"Bibi ndiyo nini?"

Bibi alikuwa amesimama pale pale, mikono kifuani, akinitazama nilivyojaa tope. Akaniuliza kwa Kifipa kama nimeumia. Nikasema hapana. Akauliza, "Hiyo kamba mkiiachia, mnakuwa mmeshindwa?"

"Ndiyo, Bibi. Mvuto mmoja tumeshindwa."

Akamgeukia kocha, sasa kwa Kiswahili. "Mwalimu, imebaki mingapi?"

"Miwili, mama. Na yote lazima tushinde."

Bibi alifikiri. Kisha akajifunga kitenge vizuri na kuanza kurudi alikotoka. Nikamkimbilia nikiiburuta kamba nyuma yangu. "Bibi, kaa! Kiti chako kile pale. Hatutarudia."

"Mtarudia," alisema. "Nimewafunza mwenyewe."

"Bibi, umekuja kuona!"

"Nimekuja ushinde." Akatoka nje ya geti, na ukuta wa uwanja ule ni mrefu.

Sijui niseme nini juu ya ile mivuto miwili. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baada. Niliwakasirikia kijana wa ulinzi, gari lililochelewa, jirani yetu, na magoti yangu mwenyewe. Mvuto wa pili nilizika visigino nikasema nitang'olewa na mizizi yangu. Kocha alihesabu, na kwa kila hesabu tulirudi hatua, wote wanane, kama tulivyorudi nyuma shambani kwa Bibi tukiinua tuta, na wale wazito wakaanza kuteleza. Mvuto wa tatu ulikuwa mrefu. Kamba ilisimama, hakuna aliyekwenda wala aliyekuja, na niliona shingo ya binti wa Tanga huko mbele ikitetemeka. Wavulana wa mpira wa miguu waliacha kuimba. Halafu nikasikia mtu mmoja upande wa pili akivuta pumzi vibaya, kamba ikalegea kidogo tu, na tukala kile kidogo, tukala na kingine, mpaka mstari ukapita.

Chuo kizima kiliingia uwanjani. Nilibebwa na wakimbiaji wenye medali! Mimi! Nilipewa kikombe nikishike na nilikishika, kilikuwa kizito na kizuri, na nililia kwa kujivuna, sikuona aibu. Kisha nikateremka kwenye mabega ya watu, nikatoka nje.

Bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe karibu na mama mchoma mahindi, anakula.

"Nimesikia kelele," alisema. "Zenu?"

"Zetu, Bibi."

"Haya," alisema, akanimegea kipande cha hindi.

Nilikula nikiwa na furaha na uchungu pamoja. Kikombe tulikuwa nacho. Lakini Bibi alitoka Mpui kuja kuona kwa macho yake, na kitu pekee alichokiona kwa macho yake ni mimi nikiburutwa kwa tumbo. Na nilimjua Bibi. Hatasema uongo, hasa si mbele ya kanisa.

Jumapili ilifika. Timu ilikuwa imerudi kwetu kuaga, na wote wanane tulikwenda kanisani na fulana za chuo, hata binti wa Tanga ambaye ni Mwislamu; yeye alikaa nje akatusubiri na kikombe. Misa ilipokwisha, watu walimzunguka kukishika. Jirani yetu naye alikishika, akakirudisha, akamgeukia Bibi. Naapa alikuwa amekwisha kusikia, maana habari za mjini hufika Mpui kabla ya mtu mwenyewe.

"Haya dada yangu, uliahidi. Ulimwona akishinda?"

"Sikumwona," alisema Bibi.

Nilitazama viatu vyangu.

"Nilimwona akishindwa," aliendelea, bila haraka, na kila mtu alisikia. "Nilipita, nikawasalimu. Wanane hao, wasomi, wametoka pande zote za nchi hii, na kikombe kipo mbele yao. Wakaachia kamba. Wakanichuchumalia katikati ya uwanja, mkuu wa mkoa anatazama. Huyu wangu alikuwa amefungwa, akachuchumaa hivyo hivyo, akaburutwa kama gunia. Nikaona nikibaki, watakosa kikombe. Ndiyo nikatoka."

Alinyoosha kitenge chake. Kisha akamtazama jirani machoni.

"Wako wewe, ukipita, wanafanya nini?"