Sale dirishani

Wiki iliyopita nilikwenda kuangalia fleti ya kupanga katikati ya mji wa Moshi, kwenye jengo la zamani lililokarabatiwa. Mwenye nyumba, Mchagga mwenzangu wa Kirua Vunjo, alinitembeza kwa fahari. Alipapasa ngazi za mninga, akagonga sakafu kwa kisigino.

"Kila kitu ni kile kile cha zamani," alisema. "Sijaondoa hata bawaba."

Tukiwa sebuleni akaingia bibi mmoja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akamgeukia mwenye nyumba. Kumbe alikuwa mpangaji wake humo kwa miaka mingi, hadi ukarabati ulipoanza akaambiwa ahame. Siku alipoambiwa hivyo walirushiana maneno.

"Baba, nilikutukana," alisema. "Nisamehe. Nirudishe hata kwenye kile chumba cha nyuma."

Akamnyooshea, kwa mikono miwili, jani la sale lililofungwa fundo. Kwetu Uchaggani ukiletewa sale hukatai. Hata aliyeuliwa ndugu yake, akiletewa jani hilo, husamehe.

Mwenye nyumba alilipokea. Nikashusha pumzi. Kisha akalichomeka kwenye chupa ya maua dirishani, akarudi nyuma hatua moja kulitazama.

"Limependeza," alisema. "Asante, mama."

Bibi alisubiri kidogo. Kisha akashuka zile ngazi za mninga, mkono ukiteleza kwenye mbao bila yeye kutazama anakokanyaga.

Na mimi, Mchagga ninayejua sale ni nini, nikauliza kama maji yanatoka kila siku.