Gurudumu la Toroli la Chai

Mimi si mtu wa kumwaga sifa ovyo. Kazini walisema nina ulimi mkali, na sikuwahi kukata rufaa. Lakini kuna mama mmoja ambaye nikianza kumweleza, ulimi wenyewe unalainika, na leo nataka kumweleza tangu mwanzo.

Tulimwita Mama Birika. Alikuwa mhudumu wa ofisi yetu, kampuni inayochora ramani za mabomba ya maji, na alidumu pale miaka ishirini na sita. Alianza kufagia enzi ramani zinachorwa kwa kalamu juu ya meza zilizoinama, na vipande vya raba alikuwa akiviokota kwa mkono, kwa sababu ufagio, alisema, unavisukuma tu chini ya kabati. Akiwa kwenye kazi hiyo alimzika mumewe na kusomesha mabinti watatu, na muda wote huo hakuwahi kukosea chai ya mtu. Mkuu wetu alikunywa kwa nusu kijiko cha sukari. Mhandisi vijiko vitatu, na Mama Birika alivitia huku akilitazama tumbo lake. Mimi bila sukari, "kama maneno yako," aliniambia siku ya kwanza, nikajua tutaelewana.

Kisha mkuu akatangaza kwamba anayetaka kufanya kazi nyumbani afanye, na anayetaka kuja ofisini aje. Kwangu tangazo hilo lilifika kwa wakati wake. Baba yangu alikuwa amepatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukapooza na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Tuliishi wawili tu. Dada yangu ni muuguzi, alifika siku zake za mapumziko. Nikahamishia meza yangu chumbani kwa baba, kati ya kitanda na dirisha, nikawa nachora mabomba kwa mkono mmoja na kumshikia kikombe cha maji kwa mwingine.

Ofisi nayo ikanunua vifaa. Skrini iliyojaa ukuta, kipaza sauti cha mviringo kilichokaa katikati ya meza kama kifuniko cha sufuria, na kamera inayojigeuza yenyewe kumfuata anayesema. Tulifundishwa siku mbili nzima namna ya kunyoosha mkono kwenye kompyuta. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi kikao kilianza, sita wakiwa mezani na wanne kwenye skrini. Vifaa vilikuwa vizuri na sivilaumu. Tatizo tulikuwa sisi.

Ofisi yetu ilikuwa na tabia yake. Saa nne kikao kinafungwa, mtu anazima kompyuta, watu wanatoka kwenda koridoni kwenye toroli la chai, na hapo ndipo kikao chenyewe kinaanza. Kikombe mkononi, mhandisi anasema lile bomba tulipitishe upande wa pili wa barabara, mkuu anasema sawa, wanacheka, wanarudi kazini. Hakuna anayeandika. Mimi mwenyewe nilikunywa chai kwenye ile korido miaka saba, na sikujiuliza hata siku moja asiyekuwepo atajuaje. Na kamera, pamoja na ujanja wake wote, ilibaki ndani ya chumba cha kikao.

Basi nikachora bomba mahali palipokwisha kubadilishwa. Nikasamehewa. Nikarudia. Mara ya tatu mafundi walichimba mita arobaini za bure kabla mtu hajashtuka, na lawama zote zikanishukia mimi.

"Si tulikubaliana?" mkuu aliniuliza kwenye simu.

"Tulikubaliana lini?"

"Jumatatu."

"Kikaoni halikutajwa, mkuu."

"Labda hukuwa makini. Na mtandao wako nao unakatikakatika."

Barua ikafuata. Nitaangaliwa kwa miezi mitatu, na nikikosea tena nirudi ofisini siku zote tano au niache kazi. Niliisoma nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda cha baba. Siku tano ofisini maana yake baba ashinde na kiu mpaka jioni, na kuacha kazi maana yake dawa zake zikatike. Nasema bila aibu kwamba niliogopa kuliko siku aliyoanguka.

Siku mbili baadaye Mama Birika alinipigia simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzee anaendeleaje?"

"Anajikongoja."

"Haya, nisikilize. Lile bomba walilihamisha mbele ya birika langu. Nilidhani umeambiwa."

"Sikuambiwa, mama."

"Sasa nimejua. Jumatatu usiwe na haraka ya kuaga."

Jumatatu, dakika kumi kabla ya saa nne, nikaona kwenye kompyuta yangu mlango wa chumba cha kikao ukifunguka. Mama Birika aliingia na sinia, na kwa ule mlio wa vikombe kamera ikamgeukia yeye. Akaliweka sinia mbele kabisa ya kompyuta, kiasi kwamba anayetaka kuizima ilibidi avuke birika la moto.

"Mama, leo chai humu ndani?" mkuu aliuliza.

"Toroli halina gurudumu, mkuu. Nikilisukuma hivyo hivyo litamwagia mtu."

"Litengenezwe basi."

"Hilo niachie mimi."

Kikao kikafungwa kwa mdomo tu, maana mikono yote ilikuwa na vikombe. Mhandisi akapuliza chai yake, akasema, "Ila tukikata kona pale sokoni tunafupisha njia."

"Mhandisi," nikasema, "pale chini kuna nyaya za umeme."

Alishtuka mpaka chai ikamwagikia shati. "Kumbe bado upo?"

"Nipo."

Walitazamana. Kisha mkuu akavuta kiti chake karibu na kipaza sauti. "Hebu tuonyeshe hizo nyaya."

Nikafungua ramani, tukazungumza dakika ishirini. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie chumbani kwa baba nilijiona niko kazini.

Toroli halikutengenezwa wiki ile, wala iliyofuata. Mkuu aliuliza mara mbili tatu, na Mama Birika akamjibu kwamba mafundi wa siku hizi anawajua mwenyewe. Mkuu, ambaye bafu lake lilikuwa likisubiri fundi kwa mwezi wa pili sasa, aliguna kwa huruma. Wenzangu wa kwenye skrini wakaanza kuja na vikombe vyao. Katibu akaanza kuandika na yale ya wakati wa chai. Miezi mitatu ikapita bila kosa, ikaja barua ya mistari miwili kwamba suala langu limefungwa, nikamsomea baba kwa sauti. Tangu hapo, kila Jumatatu akisikia vikombe kwenye kompyuta yangu, baba alinigeukia na kuuliza, "Chai?" nami nikamjibu kwamba imeingia.

Mwaka jana Mama Birika alistaafu. Dada alikaa na baba, mimi nikaenda kumuaga. Mkuu alitaja uaminifu na usafi wake, akampa saa ya ukutani, mtu ambaye hakuwahi kuchelewa. Watu walipotawanyika alinivuta jikoni, akatoa mkobani kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha vyombo. Kilikuwa gurudumu dogo jeusi, zima kabisa, pamoja na skrubu yake.

"Kumbe halikuvunjika?"

"Livunjike kwa nini? Nililifungua mwenyewe kwa kisu cha siagi."

"Na fundi?"

"Fundi gani?"

Nilicheka mpaka nikakalia ndoo iliyopinduliwa, na katikati ya kicheko nikajikuta nafuta macho. Nikamuuliza kwa nini alihatarisha kazi yake, naye kustaafu kumemkaribia hivyo.

"Mwanangu, mimi nimekaa nje ya ule mlango miaka ishirini na sita. Hata walipoamua kulihamishia jiko langu ghorofa ya juu, hilo nililisikia nikiwa namimina chai. Kukaa nje nakujua. Na wewe ulikuwa nje una mgonjwa." Akafunga mkoba wake. "Anayenipokea nimeshamwambia toroli ni bovu. Hilo kaa nalo wewe."

Nyumbani nililiweka gurudumu kwenye kiganja cha kulia cha baba, mkono uliokuwa umeanza kurudi, nikamsimulia yote. Alilisukuma kwa kidole gumba, likazunguka kidogo.

"Mpigie," akasema.

Nikampigia, nikafungulia spika na kumsogezea simu karibu na mdomo. Baba alivuta pumzi na kutafuta maneno yake, nami nikajizuia kumsaidia.

"Asante," alisema. Tukasubiri. "Mwanangu... yuko hapa."

Nilimsikia Mama Birika akipenga kamasi.

"Nimesikia, mzee wangu," alisema. "Sasa mwambie Jumatatu awahi kikao."