Ngumi ya Mkwe

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, hajawahi kumkatiza mtu maneno. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Siku walipokuja kuposa mvua iliwakuta mlangoni. Wazee aliokuja nao wakajitoma ndani kama watu wengine wenye akili, yeye akabaki nje ananyeshewa. Nilipomwuliza kulikoni, akasema, "Samahani mama, sikusikia karibu yangu." Nikamvuta binti yangu jikoni nikamwambia: huyu hatakupiga, hilo nina hakika, lakini sijui kama atakuvusha barabara.

Kazini wanamwita Samahani. Kazi yenyewe ni kwenye karakana ya zege, wanakotengeneza vifuniko vya mitaro na zile pete kubwa za kujengea visima. Mume wangu yuko pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mimi napika chakula cha mchana cha mafundi kwenye kibanda cha mabati upande wa pili wa uwanja. Mkwe alianza kwa kusukuma toroli la mchanga, kibarua cha leo upo kesho hupo. Kwa hiyo kutwa nzima watu wangu wawili wako mbele ya macho yangu, na roho yangu iko mkononi.

Zege changa lina deko kama mtoto. Likishashikana kidogo huzamishwa kwenye birika la maji lililochimbwa ardhini, likomae bila kupasuka. Zamani pete zilishushwa humo kwa kamba, watu sita, na matusi. Halafu tajiri akanunua winchi.

Si winchi kubwa kama zile za bandarini. Ni nguzo ya chuma iliyosimama pale pale ilipopandwa, ina mkono mmoja unaozunguka juu ya birika, na kwenye mkono kunaning'inia mnyororo wenye kulabu. Fundi aliyekuja kuifunga alikuwa mtu mfupi asiyecheka. Alichimba shimo la msingi kubwa kiasi kwamba mafundi walimwuliza anamzika nani. Akasuka nondo, akasimamisha bolti nene katikati, akamwaga zege, akatuambia hiyo nguzo haitapandishwa mpaka msingi ukomae. Tajiri akaja baada ya wiki, akagonga zege kwa kisigino, akasema, "Mbona limekauka hili?"

"Limekauka," fundi akasema. "Halijakomaa."

"Tofauti yake nini?"

"Wewe unauza zege, mzee."

Tajiri akaondoka. Akarudi wiki iliyofuata akagonga tena kwa kisigino, lakini safari hii hakuuliza.

Nguzo iliposimama, fundi alifundisha watu wawili tu. Mume wangu alifundishwa kushika kile kiboksi chenye vitufe vya juu na chini. Mkwe alifundishwa ishara. Alichaguliwa kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa akisikiliza bila kutafuna kitu. Somo lilitolewa mbele ya kibanda changu, nikalisikia lote. Usinyanyue kilichozidi uzito ulioandikwa kwenye mkono. Usipitishe mzigo juu ya kichwa cha mtu. Asubuhi kabla ya kazi tazama mnyororo, tazama kulabu kama haijafunguka mdomo, tazama kile kilimi cha kuzuia mkanda uliofunga mzigo usichomoke. Nyanyua mzigo wa kwanza kiganja kimoja tu kutoka chini, uache hapo, uone kama breki inashika. Na kwa kuwa mwenye vitufe haoni ndani ya birika, anamtazama mtoa ishara, huyo huyo mmoja, hamtazami mwingine. Mashine ya kuchanganyia zege inanguruma pale karibu, kwa hiyo sauti haifai kitu. Ni mikono. Kidole juu, pandisha. Kidole chini, shusha. Ngumi iliyokunjwa, mkono umenyooka juu, simama.

Mume wangu akayashika yale kama dini. Kila Jumatatu anapanda ngazi na spana na kitambaa, anapitia nati moja moja, anafuta mnyororo, anaupaka mafuta. Nyumbani bawaba ya mlango wa choo inalia mwaka wa tatu sasa.

Siku za kwanza kazi ilikwenda. Kisha nikaanza kuona jambo. Kidole juu, mkwe anakitoa vizuri. Kidole chini, vizuri. Ikifika kusimama, mkono wake unakwama kifuani. Anaufunga nusu, anautikisa kidogo chini ya kidevu, na kichwa anainamisha, kama mtu anayekataa kuongezwa chai. Mume wangu akiona vile anadhani anaambiwa aende polepole. Anakwenda polepole. Mzigo unatua pu. Mwanamume aliye ndani ya birika, wanamwita Bata kwa sababu kutwa anashinda kwenye maji na buti zake za mpira, anaruka pembeni.

Bata ndiye anayepanga magogo chini ili pete zisikae moja kwa moja kwenye sakafu. Alikuja kibandani kwangu akakaa.

"Mama, mkweo ana ugonjwa wa bega?"

"Hana."

"Basi mwambie mimi nina miguu miwili tu. Nilipewa hiyo, sina akiba."

Wiki ile kifuniko kimoja kikapasuka, siku ya pili yake kingine. Tajiri akatoka ofisini na kusema mbele ya watu wote kwamba kikipasuka kingine, Samahani anarudi kwenye toroli na ishara zitatafutiwa mtu mwingine. Binti yangu alikuwa amejifungua mwezi uliotangulia. Wanakaa chumba chetu cha nyuma. Kurudi kwenye toroli ni kurudi kwenye kibarua, na kibarua mvua ikinyesha hakuna. Ila mimi, sitaki kusema uongo, usiku nilikuwa siwazi toroli. Nilikuwa nawaza miguu ya Bata. Nilikuwa nawaza mkwe wangu akiishi maisha yake yote na miguu ya mtu mwingine kichwani.

Nikamwambia mume wangu wakati anavua viatu.

"Mkweo hakusimamishi."

"Ananisimamisha. Ananiambia polepole."

"Hakuambii polepole. Anashindwa kukukunjia ngumi."

Akabaki na kiatu mkononi. "Kwa nini?"

"Wewe ni baba mkwe wake."

"Sasa?"

"Anakuheshimu."

Akafikiri. "Basi aache," akasema, akavua kiatu cha pili.

Jioni ile ile mazoezi yakafanyika sebuleni. Mume wangu alijaza ndoo maji, akasimama mlangoni. Mkwe akawekwa karibu na meza. Mimi nilikuwa kwenye kochi na mjukuu, binti yangu amesimama kando na kitambaa cha kudekia, kwa sababu yeye anamjua mumewe kuliko sisi.

"Mimi ndiye winchi," mume wangu akasema. "Ndoo ndiyo pete. Meza ni Bata. Nakuja. Unisimamishe."

Akaja. Mkwe akatikisa mkono chini ya kidevu. Mume wangu akapunguza mwendo, akaja, akaigonga meza, maji yakamwagika.

"Umemuua Bata," mume wangu akasema.

"Samahani baba."

"Usiniambie mimi. Kawaambie watu wake. Tena."

Mara ya pili ngumi ilifika begani, lakini mkwe alikuwa ametazama ukutani, kwenye kalenda.

"Unaangalia nini huko?"

"Samahani baba, siwezi kukukunjia ngumi huku nakutazama usoni."

"Na ukitazama kalenda, nani anautazama mzigo?" Mume wangu akaweka ndoo chini. "Sikiliza mwanangu. Mzigo haujui mkwe wala mjomba. Nakuamuru uniamuru."

"Ndiyo baba."

"Na usiseme ndiyo baba."

"Sawa baba."

Binti yangu alikuwa anacheka mpaka ameegemea kabati. "Mkunjie tu," akamwambia mumewe. "Mimi nakukunjia kila siku, umekufa?" Nikamkata jicho. Mambo ya chumbani hayasemwi mbele ya baba yake. Tuliendelea mpaka ndoo ikawa tupu na sakafu ikawa safi kuliko kawaida, na ngumi haikupita sikio.

Asubuhi nilikwenda kazini. Ilikuwa zamu ya pete kubwa. Birika lilikuwa limepunguzwa maji mpaka magotini, Bata yuko ndani anapanga magogo. Mashine ya zege inanguruma. Mume wangu akatazama kulabu, akatazama kilimi, akanyanyua pete kiganja kimoja kutoka chini akaiacha ining'inie. Breki ikashika. Akaipandisha, akauzungusha mkono wa winchi mpaka juu ya birika. Mkwe yuko ukingoni, kidole chini. Pete ikaanza kushuka.

Kutoka kibandani kwangu naona ndani ya birika kidogo, kwa sababu kibanda kiko juu ya mwinuko. Niliona gogo moja likiteleza. Niliona buti la Bata likiingia kati ya gogo na ukuta, na Bata akilivuta, na buti halitoki. Akafungua mdomo. Hakuna sauti iliyotoka pale, ni mashine tu. Nikapunga upawa, nikapiga kelele. Mume wangu hakunitazama. Alikuwa anamtazama mtoa ishara, kama alivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilitamani awe mtu asiyefuata maagizo.

Mkwe aliona. Mkono ukapanda mpaka kifuani, ukasimama pale pale unaposimama siku zote. Mume wangu akapunguza mwendo. Pete inashuka, polepole, kwa adabu.

Kisha mkwe akageuka. Akamtazama mume wangu usoni, wazi, macho makavu, kitu ambacho hajakifanya tangu aje kuposa. Akanyoosha mkono wote juu, akakunja ngumi mpaka mishipa ikasimama, na ili asieleweke vibaya akaongeza ngumi ya pili. Mdomo nao ulikuwa unasema maneno. Namshukuru Mungu sikuyasikia.

Mume wangu akaondoa kidole kwenye kitufe. Pete ikasimama hewani, imefika usawa wa kofia ya Bata.

Kwa kuwa watu walioko mbali waliona tu kijana anamkunjia mzee ngumi mbili, wawili wakaja mbio kuamua ugomvi. Mmoja akamkumbatia mkwe kwa nyuma. Mwingine akazima mashine. Tajiri akatoka ofisini akiuliza nani kampiga nani. Ndipo kimya kilipoingia, na kutoka ndani ya birika tukamsikia Bata akitukana, mmoja mmoja, bila kumruka mtu. Nilikaa chini kwenye gunia la mkaa. Mkwe akajinasua, akatoa kidole juu. Mume wangu akapandisha, akauzungusha mkono pembeni, akashusha pete chini kwenye mchanga. Bata akatoka bila buti.

"Kumbe huna ugonjwa wa bega," akamwambia mkwe.

Tajiri alisimama ukingoni, akalitazama lile buti lililonasa, halafu akarudi ofisini. Habari ya toroli haikutajwa tena.

Jioni mkwe hakuja mezani. Binti yangu akaja peke yake, akakaa karibu na mimi, akasema kwa sauti ya chini kwamba mwenzake anaomba nimwombee msamaha kwa baba kwa jinsi alivyomkunjia ngumi mbele za watu, na kwa yale maneno. Mume wangu alikuwa pale pale, anasikia kila kitu. Nikamgeukia hata hivyo, maana ndivyo inavyotakiwa.

"Mkweo anaomba msamaha."

"Mwambie alichelewa," mume wangu akasema.

"Kuomba msamaha?"

"Kukunja ngumi. Gogo liliteleza zamani." Akavuta sahani karibu. "Na mwambie chakula kinapoa."

Akaja. Akala akitazama sahani.

Tangu hapo ngumi inatoka mapema. Mara nyingine inatoka mapema mno, mzigo haujafika popote, lakini mume wangu anasimama, anangoja, halafu wanaendelea. Mimi napika bila kuunguza. Juzi usiku mtoto alikuwa amelala, na mume wangu alikuwa sebuleni ameiachia redio kwa sauti anayoipenda yeye. Mkwe akatokeza mlangoni. Hakusema samahani. Alinyoosha mkono juu, akakunja ngumi, akasubiri.

Nikamtazama mume wangu. Akainuka akaizima.