Kiporo cha Nunzio

Katika nyumba ya akina Zappala, hakuna aliyewasha oveni kabla ya kupaza sauti kwanza: "Oveni ina kitu?" Mimi nakaa chini yao, na dari yetu hii ya mbao haijui kutunza siri. Miaka yote niliyopanga hapa nimelisikia swali hilo mara nyingi kuliko sala. Jumamosi jibu lilikuwa lile lile: "Ina boksi langu. Usiliguse!"

Boksi lilikuwa la pizza. Hapa mjini Buffalo, upande wetu wa magharibi, Ijumaa hakuna anayepika. Nunzio Zappala alikuwa akila vipande viwili, halafu anafunga boksi hata kama tumbo bado linamdai. Pizza ya Ijumaa kwake ilikuwa ya kupita tu. Alichokuwa akikingojea ni kiporo. Boksi lililala ndani ya oveni iliyozimwa, na asubuhi Nunzio alishusha kikaango chake cha chuma, akawasha moto mdogo, akapanga vipande bila kuvibananisha. Chini kulipoanza kulialia, alichovya vidole kwenye maji, akadondosha matone pembeni mwa kikaango, akafunika haraka kwa mfuniko wa sufuria. Mvuke uliyeyusha jibini upya, na zile pepperoni za kwetu, vipande vya soseji zinazojikunja kama vikombe, zikajaa mafuta tena. Nimekila kiporo hicho mara nyingi. Nasema wazi, kilikuwa kitamu kuliko pizza ya Ijumaa.

Mkewe Loretta hakukubaliana naye hata siku moja, si juu ya utamu bali juu ya malazi. "Chakula kinalala kwenye friji," alikuwa akisema, "kimefungwa vizuri kwa foili, karatasi kati ya kipande na kipande. Hakilali kwenye oveni kama paka."

"Friji inaua unga," Nunzio alijibu. "Nimefunga magunia ya unga maisha yangu yote. Leo wewe ndiye wa kunifundisha unga?"

Na kweli alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha unga kule kando ya ziwa. Basi waliishia kugawana jiko kama watu wanaogawana shamba. Oveni ilikuwa ya Loretta, kwa mikate na maandazi yake. Kikaango kilikuwa cha Nunzio, na Loretta hakuthubutu kukitia sabuni. Nunzio naye hakuwahi kuwasha oveni. Alitia boksi, akatoa boksi, basi.

Mambo yaliharibika Kwaresima ya mwaka juzi. Ijumaa moja nilikuwa nasukuma theluji kwenye ngazi, nikamwona Nunzio anarudi na boksi kutoka duka la kona. Nikamwambia afungue nipate joto la harufu. Akafungua. Pizza nzima imejaa pepperoni.

"Mzee!" nikamwambia. "Nyama, Ijumaa ya Kwaresima? Unataka kutupeleka motoni sote?"

Aliitazama ile pizza, akainua macho kwenye dirisha la jikoni kwao.

"Niliagiza mimi," akasema. "Nimesahau tu, Irene. Usimwambie padri."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Jioni ile walikula mayai, na pizza nzima, haijapunguzwa hata kipande, ikaingia kwenye oveni kungojea Jumamosi.

Asubuhi nilisikia harufu kabla ya kelele. Nilipofika juu, moshi ulikuwa umejaa mpaka chumbani. Loretta alikuwa amesimama katikati ya jikoni na bakuli la unga wa mkate mkononi, haendi mbele wala nyuma. Nunzio alikuwa amepiga magoti mbele ya oveni, anavuta boksi linalowaka kwa mikono mitupu. Nilimwaga ndoo ya maji juu ya boksi, juu ya mzee na juu ya sakafu. Zimamoto walipokuja hapakuwa na moto tena, palikuwa na matope meusi tu.

"Nani amewasha oveni?" aliuliza kijana wa zimamoto.

Loretta alifungua mdomo. Nunzio akamtangulia.

"Mimi," akasema. "Nilitaka kupasha pizza."

Binti yao, Denise, alifika mchana ule ule. Anaishi nje ya mji na ni mtu wa kupanga mambo. Simpendi sana, lakini sitamsingizia: alimfunga baba yake bandeji mwenyewe. Kisha akasema lililokuwa moyoni mwake. Ipo nyumba ya wazee karibu na kwake, safi, ina wauguzi. Baba anasahau. Nyama siku ya Kwaresima, sasa moto. Baada ya Pasaka baba atahamia huko.

Nilidhani mzee atapindua meza. Aliitikia kwa kichwa tu.

"Sawa, mwanangu. Ila mama yako aje nami. Nani atanikumbusha mambo?"

"Nani, mimi?" Loretta aliruka. "Niache nyumba yangu kwa kosa lako? Nimekwambia tangu ujana wetu: friji, Nunzio, friji! Kiburi tu. Sasa umetuchomea nyumba. Nenda peke yako! Mimi sitoki hapa mpaka nitolewe kwenye jeneza."

"Lore, tafadhali."

"Usiniite Lore."

Wiki zilizofuata zilinichosha moyo. Watu walioishi pamoja tangu ujana walikuwa wanakwenda kutenganishwa, na anayeshikilia mlango wa kuwatenganisha ni mke mwenyewe. Kila nilipokaa kula niliisikia sauti ya Loretta juu ya dari, boksi, moto, kiburi, mzee mjinga wewe. Mzee hakujibu hata neno. Nunzio, mtu aliyewahi kubishana na askofu juu ya jibini!

Siku moja nilimkuta kwenye ngazi nikashindwa kunyamaza. "Jitetee basi, mzee. Umekuwa mkeka?"

"Akinigombeza anajua mimi ni nani," alisema. "Mwache anigombeze."

Nilimwona amechanganyikiwa kweli, nikamhurumia. Nikaenda zangu.

Denise alitaka jibu Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya Matawi, kwa sababu nyumba ile haingeendelea kuwashikia nafasi. Chumba cha mtu mmoja au cha wawili, mama aseme. Ijumaa nilikwenda na Loretta kanisani kwenye Njia ya Msalaba, nikajaribu kumlainisha njia nzima. Alinijibu kwamba kama namwonea huruma mume wake, nimchukue mimi. Nunzio alikuwa amebaki nyumbani, eti miguu inamuuma. Ilikuwa inamuuma kila Ijumaa tangu ule moto.

Jumamosi Denise aliniita juu nikae nao. Nadhani aliogopa kuwa peke yake na mama yake. Nunzio alikuwa anapasha kikaango, mgongo kwetu, bandeji bado kwenye kiganja kimoja. Loretta alifungua friji kutafuta maziwa ya kahawa.

Alikaa muda mrefu na mlango wazi.

"Mama, baridi inatoka," Denise alisema.

Loretta alitoa kifurushi cha foili kilichokuwa nyuma ya kabichi, akakiweka mezani. Ilikuwa pizza ya jana. Hakukifungua. Alipitisha kidole kwenye ncha zake, pale foili ilipokunjwa mara mbili na pembe zikaingizwa ndani, kama mdomo wa gunia.

"Mimi sikunji hivi," akasema.

Nunzio hakugeuka.

"Ni mkunjo wa kiwandani huu." Loretta alifungua pole pole. Kati ya kipande na kipande palikuwa na karatasi, imekatwa vibaya, lakini ipo. "Umeanza lini kuweka kwenye friji, Nunzio?"

"Tangu ule moto."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

"Nikiwa kanisani." Aliketi. "Na hujasahau hata moja."

Denise alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Mimi nilikuwa namtazama Loretta, na niliona uso wake unarudi nyuma, siku baada ya siku, mpaka asubuhi ile ya moshi na bakuli la unga mkononi. Mzee yule hakuwahi kuwasha oveni maishani mwake. Na simu ya kuagiza pizza, tangu waoane, mpigaji alikuwa Loretta. Nunzio aliyesema friji inaua unga alikuwa ameanza kuficha kiporo chake nyuma ya kabichi, kwa sababu katika nyumba ile kulikuwa na mtu anayewasha oveni bila kuuliza kama ina kitu.

"Ni mimi," Loretta alisema, chini sana. "Eh, Nunzio? Ni mimi."

Nunzio aligeuka na mfuniko mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alichukua vipande kutoka mbele ya Loretta, akavipanga kwenye kikaango, kimoja kimoja, bila kuvibananisha.

"Nini ni wewe, Mama?" Denise aliinua kichwa.

Sijui ningefanya nini mahali pa Loretta. Labda ningelia, labda ningevunja vyombo. Yeye alijifuta mikono kwenye aproni, akanyoosha kola ya gauni lake.

"Waambie chumba cha wawili," akasema.

"Lakini ulisema..."

"Najua nilichosema. Mtu anayesahau haachwi peke yake, Denise. Anahitaji mwenziwe." Alisema hayo akimtazama Nunzio, na Nunzio alimtazama yeye. "Na kikaango kinakwenda nasi. Wasipokitaka, hatuendi."

Denise alimkumbatia mama yake, akamshukuru kwa kumvumilia baba. Nilitazama dirishani, nikalia, na sikujificha. Jikoni kulianza kunukia jibini.

"Weka maji," Loretta alisema. "Itaungua."

Nunzio alichovya vidole, akadondosha matone, akafunika. Tulikila kiporo kile, na kilikuwa kizuri, friji au si friji. Tulipomaliza, Loretta alinyanyuka kwenda kuoka mikate yake ya Matawi. Mkono wake ulifika kwenye kitufe cha oveni, ukasimama hapo. Hakupaza sauti kama zamani. Aliuliza polepole, kama mtoto anayeuliza njia.

"Oveni ina kitu?"

Nunzio aliinuka, akafungua mlango wa oveni mpaka mwisho, akamshika mkono wakainama wote wawili kutazama ndani.

"Haina kitu, Lore," akasema. "Washa."